Ubao Wangu wa Ijumaa

Kerege,
Bagamoyo.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Wakati naandika nakuona umekaa kwenye kile kigoda cha jikoni, kanga mbili mabegani, maana miezi hii baridi ya Mbinga haimhurumii mtu. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mjomba akuletee, ilifika, au aliisahau kwenye basi kama alivyousahau mwavuli wako? Na kahawa mwaka huu imebeba?

Sisi huku tu wazima. Neema amekuwa mtoto wa pwani kabisa. Juzi nilimwambia muuza duka, "Nipe chumvi," akanivuta gauni akaninong'oneza, "Mama, huku hawasemi nipe, wanasema naomba." Baba yake bado yuko kwenye shamba la miwa kule Makurunge, anaendesha trekta. Anarudi Jumamosi akiwa na vumbi mpaka ndani ya masikio, anakula, analala, anaamka anatafuta redio yake. Joto ndilo linalotuchosha, na maji ya bomba yanayokuja yanapotaka.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nilifunga kibanda wiki nzima, na kwa nini nilikuwa naongea kama mtu anayekimbizwa. Nilikwambia nitakuandikia. Ile simu yenu mnaiweka sauti ya juu, na kila anayepita kuomba moto anasikia mambo yangu. Haya nataka uyasome mwenyewe kwanza, halafu utaamua umsimulie nani.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwamba nauza sinema. Iko hivi. Mtu anakuja na flashi au memori kadi yake, namwekea anachotaka: filamu za kutafsiriwa, tamthilia, nyimbo, kaswida, mahubiri, mawaidha. Pembeni nina rafu ya vitabu vya mitumba, navyo naazimisha. Sasa wateja wengi wakifika wanasimama tu wananitazama kama wanamtazama nesi wa zamu. "Mama Neema, wiki hii nitazame nini?" Nikachoka kurudia. Nikatafuta ubao, nikautundika mlangoni, na kila Ijumaa asubuhi naandika kwa chaki: cha kutazama, cha kusoma, cha kusikiliza. Kimoja kimoja, na chini yake neno langu mwenyewe kwa nini nimekipenda. Sharti langu moja, siandiki nisichokionja. Kama sikukimaliza, hakipandi ubaoni.

Watu waliupenda, Mama. Ijumaa baada ya sala wanaume wanapita na kanzu zao, wanasimama, wanasoma, wanabishana. Kuna fundi pikipiki aliyewahi kunijia na hasira kwamba filamu niliyoisifu imemliza mbele ya shemeji zake. Nilijiona nimefika.

Halafu akaja Bi Tatu.

Ilikuwa Alhamisi alasiri, sina mteja. Mama mtu mzima, buibui jeusi, sauti ndogo kama ya mtu aliye msibani. Hakuwa na flashi wala kadi. Aliomba kukaa, nikampa kiti. Akautazama ubao muda mrefu.

"Unaandika wewe mwenyewe, mwanangu?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Hakuna anayekupangia?"

"Hakuna."

"Na wakubwa hawaji kukuuliza?"

Hapo nikashtuka. Mtu wa kawaida anauliza filamu ni nzuri au mbaya, haulizi nani amekupangia. Nikadhani ametumwa na watu wa ushuru, au na mwenye kibanda mwingine anayetaka kujua napata wapi mali yangu. Nikajibu kwa kifupi. Yeye akaniambia kuna mchezo wa redio ameusikia, mzuri sana, niutafute. Akanielekeza vizuri, akaondoka bila kununua hata wimbo mmoja.

Niliutafuta. Unahusu mtu aliyeachiwa minazi ya watoto wa ndugu yake, akaifanya yake. Uliigizwa vizuri mpaka nilisahau wali motoni. Nikauandika ubaoni.

Alhamisi nyingine akarudi, safari hii na kitabu kidogo kimechakaa, kimefungwa kwenye gazeti. Hadithi ya msichana aliyerudi kutoka shule ya bweni akakuta nyumba ya baba yake ina watu wengine. Nikakisoma chote kwa siku moja. Nacho nikakiandika. Sitakuficha, Mama, nilishaanza kujiuliza. Kwa nini mama huyu kila hadithi yake ni ya yatima? Kwa nini anakuja siku moja kabla ya ubao, tena saa ambayo barabara haina watu? Na mbona akiondoka anachungulia kwanza kulia na kushoto? Lakini vitu vyenyewe vilikuwa vizuri, nami sharti langu ni hilo tu.

Mara ya tatu alileta memori kadi. Ndani yake mna mawaidha ya sheikh mmoja mzee kuhusu mali ya yatima. Nikamwambia, "Mama, mimi Mkristo." Akasema, "Masikio si unayo?" Basi nikayasikiliza nikifua nguo. Yule sheikh hakupiga kelele hata mara moja. Aliongea kama mtu anayemsihi ndugu yake, na mimi nilisimama na shati la Baba Neema mkononi, povu likikauka. Ijumaa nikaandika: cha kusikiliza, mawaidha ya yatima, kadi ipo ndani, njoo na yako.

Siku hiyo ndiyo akaja Mzee Mfaume.

Mzee Mfaume ana duka la mbao ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango. Mtu wa heshima, akipita watu wanatoa mikono mifukoni. Ijumaa zote alikuwa akipita, anasoma ubao, anatabasamu, anaendelea. Safari hii aliingia ndani, akafunga mwavuli, akakaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Hujambo? Mtoto hajambo? Mwenzio huko Makurunge?"

"Hawajambo, Mzee."

"Alhamdulillahi." Akaweka mwavuli magotini. Halafu akasema taratibu, "Hebu nieleweshe. Tangu lini Mkristo akatuchagulia mawaidha?"

"Mimi naandika kilichonigusa tu, Mzee."

"Kimekugusa wapi? Una yatima wewe?"

"Sina."

"Wiki ile minazi. Wiki iliyopita nyumba. Leo mawaidha." Alikuwa anahesabu kwa vidole, bila hasira. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Mzee."

"Wewe ni mgeni hapa," akasema akiinuka. "Tumekupokea vizuri. Usikubali watu wakutie maneno mkononi."

Aliponiaga alinitakia heri. Sikuelewa nimefanya nini. Jioni ile ile mwenye fremu niliyopanga, ambaye haji mpaka tarehe ya kodi, akapita kunisalimia. Akasema watu wanalalamika. Watu gani? Watu tu. Labda nifikirie kutafuta sehemu nyingine, Mapinga kuna fremu nzuri. Wiki iliyofuata wateja wangu wa kila siku wakawa wanapita wakitazama upande wa pili. Nikaanza kumshuku kila mtu. Anayesalimia, namwona anapeleleza. Asiyesalimia, namwona amekwisha pangwa.

Aliyenifungua macho ni Mama Shani, jirani yangu anayekaanga mihogo. Nilimuuliza kama anamfahamu yule mama wa buibui anayekuja Alhamisi. Akaacha mwiko ndani ya mafuta.

"Mama Neema, humjui Bi Tatu? Yule si mke wa Mzee Mfaume!"

Mama, nilihisi kama nimekalia kaa la moto. Mke ananiletea maneno, mume anakuja kuniuliza nimeyatoa wapi. Nikajiambia huu ni mtego. Wananijaribu. Wanataka sababu ya kunitoa kwenye fremu ili wampe mtu wao. Nikakumbuka maneno uliyoniambia stendi siku naondoka, kwamba watu wa pwani wanacheka nawe huku wanakupima. Nikafuta ubao, nikafunga kibanda. Hiyo ndiyo ile wiki uliyoniuliza.

Baba Neema aliporudi Jumamosi nilimweleza yote. Alisikiliza akila, halafu akasema, "Si nilikwambia uandike filamu za kupigana tu? Hakuna anayegombana na mtu kwa sababu ya karate." Nilipoanza kulia akaacha utani. "Sikiliza," akasema. "Hao ni mume na mke. Leo wanagombana, kesho wanapatana, wewe utabaki na ubao wako peke yako. Usiingie."

Nilikusudia kumtii. Lakini Jumapili, nimetoka kanisani, namwosha Neema nywele uani, nikasikia hodi kwa mlango wa nyuma. Alikuwa Bi Tatu. Sikumkaribisha kiti.

"Umefunga," akasema.

"Nimefunga kwa sababu yako. Mama, kwa nini hukuniambia wewe ni mke wake?"

"Ungeandika?"

"Nisingeandika!"

"Basi ndiyo maana."

Nikamwambia aondoke. Hakuondoka. Akakaa chini kwenye kizingiti, mtu mzima kama wewe, akaanza kueleza huku anatazama ardhi. Mzee Mfaume alikuwa na mdogo wake, marehemu sasa. Aliacha mke na watoto wawili, Mwanaidi na Hamisi, na shamba la mikorosho nyuma ya Kerege. Baada ya eda mjane akarudi kwa ndugu zake Vigwaza na watoto wake, shamba likabaki mikononi mwa kaka mtu alitunze. Sasa Mzee amepata mnunuzi kutoka Dar. Jumatano asubuhi wanakwenda kupima.

"Kwa nini usimwambie mjane mwenyewe?" nikamuuliza.

"Nikimwambia mimi atasema ni hila. Tangu matanga hatusemezani. Anaamini mimi ndiye ninayemfundisha mume wangu."

"Na mumeo? Si ukae naye uongee naye?"

"Nimeongea. Mimi nikisema nyumbani, ni mwanamke ananung'unika. Nikafikiri akikutana nayo njiani, mbele ya wenzake, tena Ijumaa, labda ataona aibu." Akafuta uso na ncha ya mtandio. "Hakuona aibu. Aliona adui."

"Kwa nini mimi, Bi Tatu? Kerege yote hii, kwa nini uniletee mimi?"

Akainua uso kutoka ardhini. Halafu akanijibu bila kupepesa.

"Kwa sababu wewe si wa hapa. Huna ndugu wa kuwatia aibu. Wakikufukuza, utakwenda kwingine. Mimi nitakwenda wapi?"

Mama, sijawahi kuambiwa neno likaniuma vile, na liliniuma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimtazama nikatamani kummwagia yale maji ya sabuni. Nikamwambia, "Umenifanya kitambaa cha kufutia mikono." Akasema, "Ndiyo." Hakutafuta neno jingine la kujipamba. Akainuka, akapukuta buibui, akaenda zake.

Sasa utaniuliza kwa nini sikuishia pale. Nilijaribu. Lakini kila nikimtazama Neema namwona yeye ndiye Mwanaidi, na Baba Neema ndiye yuko kaburini, na mtu fulani Kerege anajua Jumatano kuna nini lakini amenyamaza kwa kuwa hayamhusu. Ile kazi ya mafumbo ubaoni nilishaichoka. Kama jambo ni la kusema, lisemwe kwa mdomo kwa mtu linayemhusu. Jumatatu nikamwacha Neema kwa Mama Shani, nikapanda gari la Bagamoyo, nikashuka, nikapanda la Mlandizi, na kutoka hapo mpaka Vigwaza.

Nilimpata kwa kuulizauliza. Alikuwa uani anapukuchua kunde, mwanamke wa rika langu, mwembamba. Nikabisha hodi, akanijibu karibu, lakini hakuinuka.

"Wewe ndiye Mama Mwanaidi?"

"Nani anamtafuta?"

Nikajieleza. Natoka Kerege, nina kibanda cha filamu. Jumatano asubuhi shamba la marehemu mumeo linapimwa ili liuzwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikuacha kunde.

"Nani amekutuma?"

Neno lile lile, Mama! Nilitaka kucheka.

"Hakuna aliyenituma."

"Umetumwa na shemeji yangu. Anataka nije nigombane mbele ya watu, aseme mimi ni mwendawazimu. Au wewe ni dalali, una mnunuzi wako."

"Dada, mimi si dalali."

"Basi unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna mtu anayetoka Kerege mpaka hapa asiyetaka kitu."

Nikamwambia nataka maji ya kunywa, maana koo limekauka na mvua inakuja. Alinitazama. Akaingia ndani, akatoka na kikombe, akanipa. Nikanywa nimesimama. Nikamrudishia kikombe, nikamshukuru, nikageuka. Sikumtaja Bi Tatu, niliona nikimtaja ndiyo nimeharibu kabisa. Njia nzima mvua ilinipiga na mimi najitukana. Mtu nimemfuata mpaka kwake kwa nauli yangu mwenyewe, amenitazama kama mwizi wa kuku.

Jumatano nikafungua kibanda. Nilifungua ili nisiwepo shambani, nijue niko kazini, mimi na kompyuta yangu. Saa tatu hivi Mama Shani akapita mbio akifunga kanga. "Wamekwenda! Mwenyekiti wa kijiji naye yuko huko, watu wamejaa. Twende!" Nikasema siendi. Akaenda. Nikakaa kidogo. Nikafunga mlango nikamfuata.

Chini ya mikorosho walikuwapo Mzee Mfaume, mwenyekiti, mtu wa kupima na kamba yake, na mnunuzi, kijana mnene mwenye viatu visafi sana anayekwepa matope. Watu wengine walisimama pembeni wakijifanya wanapita. Wanawake tulikuwa nyuma, na nikamwona Bi Tatu kati yao, amejifunika mpaka kidevuni. Mwenyekiti akauliza kama ilivyo desturi, kuna mwenye neno juu ya shamba hili? Mzee Mfaume akasema shamba ni la ukoo, ukoo ni yeye, hakuna neno. Mtu wa kamba akainama.

Ndipo bodaboda ikaingia kati ya miti, imewapakia wawili nyuma ya dereva. Mama Mwanaidi akashuka, na nyuma yake msichana wa sekondari na sare zake za shule.

"Mwenyekiti, neno lipo," akasema Mama Mwanaidi.

Nilitamani ardhi inifunike na wakati huo huo nilitamani kupiga vigelegele.

Mzee Mfaume hakumtazama mjane. Aligeuka akatazama watu, mmoja mmoja, mpaka akanifikia mimi. "Nani amewaita hawa?" Kisha akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Mwenyekiti, ni huyu mgeni na ubao wake. Ametoka huko kwao kuja kutufitinisha."

Wote wakageuka. Mama, niliona macho ya wateja wangu, watu niliowawekea nyimbo za harusi za watoto wao, wananitazama kama hawajawahi kuniona. Mama Mwanaidi naye akanitazama. Angeweza kusema, ndiyo, ni huyu. Hakusema.

"Nimewaita mimi."

Sauti ile ndogo ya msibani. Kwanza watu hawakujua imetoka wapi. Bi Tatu akapita katikati ya wanawake, akasimama mahali ambapo kila mtu anamwona, akaushusha mtandio mabegani.

"Nenda nyumbani, Mama Saidi," akasema mumewe.

"Nitakwenda. Mama Neema hana kosa. Maneno ya ubaoni nilimpelekea mimi, wiki zote zile, akaandika bila kujua. Na habari hii ya leo imetoka kinywani mwangu." Akamgeukia mumewe, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka lakini haikukatika. "Baba Saidi, siku mdogo wako anakata roho, nani alikuwa ameshika kikombe cha maji? Si mimi? Alikwambia, kaka, shamba hili ni la Mwanaidi na Hamisi, niwekee. Ukasema inshallah. Nilikusikia. Nimenyamaza tangu siku ile nikingoja ukumbuke mwenyewe."

Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena. Akamwambia mnunuzi kwa upole kwamba mambo ya mirathi yana mahakama yake, mpaka yaishe hapo hakuna kinachopimwa. Yule kijana ndiye aliyeondoka wa kwanza, hakuaga mtu. Mtu wa kamba akaanza kuikunja.

Na hili nataka ulijue, maana ndilo lililoniliza. Watu walipoanza kutawanyika, yule msichana, Mwanaidi, akamwendea Mzee Mfaume pale alipobaki peke yake. Nilidhani atamtukana. Akapiga goti kidogo kama wanavyofundishwa watoto wa huku, akasema, "Shikamoo, baba mkubwa." Mzee alichelewa kujibu mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akasema, "Marahaba," kwa sauti ambayo sikuijua, akachukua mwavuli wake akaenda.

Mama Mwanaidi alinifuata barabarani. Nikamuuliza kwa nini alikuja, maana Jumatatu alinifukuza kwa macho. Akasema, "Usiku ule nilikuwa nakufikiria. Dalali angeacha namba ya simu. Mtu wa shemeji angenisihi nije. Wewe ulikunywa maji ukaondoka." Hakuniambia asante, nami sikuidai. Kesi ya mirathi sasa iko mahakama ya mwanzo, na shauri linakwenda vizuri, wanasema shamba litaandikwa kwa majina ya watoto. Korosho za msimu huu atavuna mjane mwenyewe.

Mwenye fremu hajazungumzia tena habari za Mapinga. Wateja wamerudi, ila wameharibika. Hakuna anayesoma ubao kwa amani. Ijumaa iliyopita nilisifia komedi ya mtu bahili anayepima chumvi, na kabla ya adhuhuri watu wanne tofauti walikuwa wamekuja kuniuliza, "Mama Neema, huyu ni nani hapa Kerege?" Yule fundi pikipiki alitaka niape kwamba si yeye. Mzee Mfaume bado anapita, lakini upande wa pili wa barabara, na hageuzi shingo. Namsalimia hivyo hivyo.

Bi Tatu yuko mjini Bagamoyo kwa kaka yake. Mumewe hajampa talaka, wala hajaenda kumchukua. Alhamisi hii alikuja kibandani, saa ya watu wengi, bila kuchungulia kulia wala kushoto. Alikuwa na simu mpya ya mkononi na kadi yake mwenyewe. Akataka nimwekee kitu cha kuchekesha. Nikamwekea. Tulikuwa hatujaongea tangu siku ile ya mikoroshoni.

Nilipomrudishia simu yake akaniuliza, "Hujanisamehe, mwanangu?"

Nikataka kumdanganya kwa adabu, nikashindwa.

"Bado, Bi Tatu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na ameiona ni halali. "Haya," akasema. "Basi nitakuwa nakuja." Akavuta kile kiti, akakaa akaanza kutazama filamu yake pale pale mlangoni, na baada ya muda nikamsikia anacheka. Nikawahudumia wateja nikimpita hivi, nikimpita vile. Sikumwambia aondoke.

Kwa hiyo, Mama, usiwaambie watu kwamba narudi. Sirudi. Ulivyonionya kuhusu watu wa pwani, nami nakwambia wao wanatuogopa sisi wa bara vile vile.

Nisalimie baba mdogo, mwambie redio yake nimempatia betri, nitampa mtu wa kwanza anayekuja. Msalimie shangazi Kostansia na wanawe, na katekista aliyenifundisha kusoma kwa sauti bila kuona haya, na jirani yetu fundi cherehani, na yule dada yangu wa mwisho anayejifanya hana muda wa kunipigia. Baba Neema anakusalimu, anasema magoti hayo yakipona uje ule pweza. Neema anasema shikamoo bibi, tena amesema niandike kwamba ameisema vizuri.

Uniombee, nami nakuombea kila nikiwasha mshumaa.

Ni mimi mwanao,
Anjelina (Mama Neema)